Nilienda Matembwe kuposa nikiwa nimefungwa mdomo, wakaanza kuuliza habari za mwezi na sayari

Wakuu, kamwene!

Haya ninayowaletea hayana chumvi. Anayebisha apande gari mpaka Matembwe akaulize, ila asiseme katumwa na mimi. Kule bado naishi kwa huruma zao.

Mimi ni muuza vifaa vya ujenzi hapa Makambako. Bati, misumari, saruji. Lakini mtaani watu hawanijui kwa misumari, wananijua kwa mambo ya anga. Nilianza kwa kuangalia video mtandaoni, nikanogewa, nikanunua telescope, darubini ndogo ya kutazama anga. Siku hizi mteja akija dukani, kabla ya kuulizia bati anauliza kwa nini mwezi unamfuata akiwa kwenye basi.

Najibu. Bosi ananuna, mimi najibu. Swali la anga siwezi kuliacha lipite, ndiyo ugonjwa wangu.

Sasa, kuna binti nilikutana naye nilipopeleka mzigo wa bati Matembwe. Tumwite Tuli. Anafundisha chekechea hukohuko na anakaa kwao. Nilimpenda kwa sababu maswali yake yalikuwa makali kuliko ya wateja wote.

Kwao ni Wakatoliki wa kweli kweli. Mama ni mwenyekiti wa jumuiya, baba ni mtu wa mbao, na juu ya wote yupo shangazi. Wakuu, yule mama ukikohoa anajua ulikula nini jana.

Msimamo wa nyumba ile ni mmoja: binti haonani na mwanaume faragha kabla ya posa. Na sisi tulishawaambia kwamba tunafahamiana kwa simu tu.

Kwa simu tu. Endeleeni kusoma.

Mshenga wangu alikuwa baba mdogo, mfanyabiashara wa viazi pale mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini. Mdomo anao. Njiani akanionya: "Ukweni muoaji haongei. Ukifungua mdomo tu, posa inarudi na sisi. Niachie mimi."

Tukafika mchana, tukakaribishwa chai na viazi vya kuchemsha. Baba mdogo akaanza vizuri, kisha sifa zikampanda kichwani. "Kijana wetu huyu anga lote analijua! Na aliyemfundisha ni mimi."

Nikasema moyoni, tumekwisha.

Baba mkwe akachungulia nje. Mwezi ulikuwa juu, mweupe, mchana kweupe. "Hebu tuambie mshenga, ule mchana huu unatafuta nini?"

Baba mdogo hakupepesa hata jicho. "Ule ni wa jana, mzee. Umechelewa kurudi."

Nikang'ata ulimi.

Mama mkwe naye: kama dunia inazunguka, mbona maji ya kisimani hayamwagiki? Akajibiwa, "Si huwa mnafunika?"

Shangazi akaweka kikombe chini. "Sisi huku tuko juu, karibu na jua kuliko watu wa Dar. Mbona wao wanajipepea, sisi tunavaa masweta? Na watu wa Iwawa, walio juu kuliko sisi, mbona baridi inawaunguzia viazi shambani?"

"Jua ni kama mpishi, shangazi. Anawapakulia kwanza wa mbali."

Wakuu, jasho lilinitoka na baridi ile! Jibu nilikuwa nalo mdomoni: hewa ya huku juu ni nyepesi, haishiki joto, na urefu wa mlima ukiulinganisha na umbali wa jua si kitu kabisa. Lakini nikifungua mdomo namkosa Tuli. Nikajaza kiazi kizima mdomoni ili nisijaribiwe.

Shangazi akauliza la mwisho. "Na ile nyota kubwa inayotangulia kuwaka jioni?"

"Ile ndiyo iliyowaongoza Mamajusi. Ilipomaliza kazi haikurudi."

Mama mwenyekiti wa jumuiya akaitikia, "Amina."

Hapo ndipo sauti ilipotoka jikoni, ya Tuli, imejaa hasira: "Jamani, ile si nyota! Ni sayari, inaitwa Zuhura! Na ukiitazama kwa darubini si duara, imekatika kama mwezi mchanga!"



Shangazi akanigeukia taratibu, anatabasamu. "Kijana, meza hicho kiazi. Leo nakupa ruhusa ya kuongea. Eti ni kweli?"

Ruhusa! Baba mdogo ananikanyaga mguu, mimi wapi. Nikaporomosha yote. Kwamba Tuli amepatia kabisa. Kwamba kwa macho matupu huwezi kuona umbo lile. Kwamba kwa kipindi hiki inaonekana magharibi tu, jua likishazama, tena iko chini, ukichelewa kidogo nayo imezama.

"Chini kabisa?" shangazi akauliza.

"Chini kabisa, shangazi."

"Magharibi ya nyumba hii ni mipaini mitupu. Mtu akitaka kuona chini huko lazima apande kilimani, kwenye mashamba ya chai. Sasa mwanangu, hii nyumba haina darubini. Tuli kilimani alipanda na nani?"

Jikoni sufuria likaanguka.

Wenyeji wakatoka nje kujadiliana. Baba mdogo hakunitukana hata, alinitazama tu kama gunia la viazi vilivyooza. Niliogopa, wakuu. Nilimwona Tuli anaolewa na mtu mwingine, asiyejua hata Mirihi iko wapi, na machozi yalinilenga.

Wakarudi. Baba mkwe akakohoa. "Tulipanga kuwajibu baada ya mavuno. Sasa hatuwezi kungoja. Nendeni kwa paroko mkaanze mafundisho ya ndoa, kabla hamjamaliza sayari zote."

"Na faini," shangazi akadakia. "Jioni hii hii. Hiyo darubini najua umeiacha kwenye gari."

Alijuaje? Sijui mpaka leo.

Jua lilipozama tulikuwa kilimani watatu: mimi huku, Tuli kule, shangazi katikati na mtandio wake. Akainamia telescope, akafumba jicho moja. "Mungu wangu," akasema, "kweli imekatika." Mpaka Zuhura inazama hakutupisha hata mara moja.

Funzo: mambo ya anga yana saa na mahali pake. Ukimfundisha mtoto wa watu, ujue umeacha ushahidi. Na ukweni, ukipewa ruhusa ya kuongea, kataa.

Ndoa ipo, wakuu. Wenye maswali ya anga yawekeni hapa chini nayajibu. Ila kama na wewe uliwahi kumpeleka mtu "kuangalia nyota", anza kwanza kutuambia nani alikukamata.