Vidole Vitano Kwenye Tope

Sokoni Kibiti siku hizi kaa wanauzwa wamefungwa magando kwa kamba za ukindu, wangali na tope lao la mikoko. Wengine hupita wameziba pua. Mimi nikilinusa tope lile husimama, na hata jua liwe kali vipi, mwili hunisisimka. Msinicheke. Nitawaambia kisa chake, kisha mcheke mkitaka.

Tulikaa juu kidogo ya Maparoni, pale maji ya chumvi yanapokoma, zama za Mwingereza. Serikali ilichimba bwawa karibu na kijito chetu, ikaleta vifaranga wa perege ndani ya mapipa, na baba akapewa kazi ya kulilinda. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa riziki yetu yote. Boriti ya mkoko ilikuwa imemvunja mguu, na mtu anayechechemea hakati tena mikoko. Bwana Samaki, mzungu mrefu asiyependa kukaa kitini, alimwambia wazi: kabla ya vuli nitakuja kuvuta wavu, na nikikuta bwawa tupu natafuta mlinzi mwingine.

Haukupita muda tukaanza kuokota vichwa vya perege ukingoni. Vichwa tu, macho wazi, vimeachwa juu ya majani kwa adabu. Na pembeni, kwenye tope, alama za mikono. Sisemi nyayo, nasema mikono: vidole vitano vifupi, bila kucha, ukubwa wa mkono wa mtoto aliyeacha kunyonya juzi.

Mama alichutama, akaweka kiganja chake juu ya alama moja bila ya kuigusa.

"Saidi," akasema.

Saidi alikuwa mdogo wangu. Masika yaliyotangulia mto ulimchukua, akiwa bado anajifunza kusema. Wanaume walimtafuta mpaka wakachoka, na hakuonekana. Matanga tuliyakaa bila ya kuzika, na kwetu asiyezikwa hutajwa kwa sauti ya chini.

Habari ikaenea. Fisi maji, wale wanyama wa mtoni wanaokula samaki, tunawajua sana, lakini mama mzazi akishataja jina la marehemu wake, nani wa kubisha? Watu wakaacha kupita bwawani, hasa adhuhuri, jua la utosi, wakati ambao wazee wetu walituita ndani kwa kuwa wenyewe wa mahali, mizimu ya pale, wanatembea. Na ilikuwa adhuhuri hiyohiyo, nimetumwa maji, nilipomsikia. Kwanza mbinja nyembamba kutoka kwenye matete. Halafu kilio, kilio hasa cha mtoto aliyeamka usingizini asimwone mamaye. Niliitupa ndoo nikatoka mbio, kanga ikabaki mwibani. Loo, siku ile hata paa asingenipata.

Mjomba Athumani, kaka yake mama, hakuwa mtu wa kuogopa mizuka. "Huyo fisi maji, na dawa yake mtego wa chuma," akasema. Akauleta nyumbani kwetu ameufunika kwa gunia. Alikuwa na sababu ya kuuficha, maana Bwana Nyama, mzungu wa wanyama, alishapiga marufuku: atakayeua fisi maji, jela. Basi baba akawa katikati. Bwana Samaki anataka samaki wake, Bwana Nyama anataka fisi maji wake, na wote wawili hawajawahi kukesha bwawani.

"Wapiganapo tembo nyasi huumia," baba akasema, akiutazama mtego. Niliona mkono wake unaufuata.

Hapo mama akasimama mlangoni. "Athumani, mkimtega mwanangu, nitegeni na mimi."

Mjomba akamtazama baba, baba akatazama chini. Mtego ukarudi ulikotoka. Kijijini wakaanza kunong'ona kwamba dada yake Athumani akili zimemruka, maskini. Mimi niliona aibu, na hofu ikaizidi aibu.

Asubuhi yake maji yalipokupwa, mama alinishika mkono tukaingia mikokoni kutafuta kaa. Kwetu ilikuwa desturi: ukitoka mikokoni na kaa wako, mmoja humwacha ukingoni, ndiye wa wenyewe, na usigeuke kutazama. Mama siku ile aliwaacha wote. Palikuwa na mtumbwi mbovu uliozama nusu mdomoni mwa kijito, mbali na bwawa. Akawatia humo, wazima, magando yamefungwa. Kesho yake tulikuta magamba matupu, na zile alama za vidole kwenye ubao. Tukatia wengine, na siku zilizofuata hivyo hivyo. Baba naye alitundika makopo kuzunguka bwawa, yalie upepo ukivuma, asije akaonekana amekaa bure.

Asubuhi moja ya ukungu mama hakutaka kuondoka. Tulijibanza nyuma ya mizizi ya mikoko, maji yakiwa yametulia. Kisha mkono ukatoka majini. Mweusi, mdogo, una vidole. Ukapapasa ukingo wa mtumbwi, ukaingia ndani, ukawapapasa kaa mmoja mmoja, ukachagua.

"Saidi," mama akaita polepole, kama anamwamsha.

Kichwa kikaibuka. Masharubu, masikio madogo, macho mawili yakitutazama bila ya woga. Alikuwa mnyama! Nilifungua mdomo nimwambie mama, naye akauziba kwa kiganja chake kilichojaa tope. Yule mnyama akapiga mbinja yake, akazama. Mama alibaki akiyatazama maji mpaka viwimbi vilipokwisha. Tope la kiganja kile ndilo ninalolinusa sokoni.

Wavu ulipovutwa ulijaa perege, wanene, wakirukaruka. Bwana Nyama naye alikuja, akayasifu makopo ya baba, eti huo ndio ulinzi wa kisasa. Baba akazipokea sifa zake, akachechemea huku na huko utadhani jumbe. Mama alikuwa anapara samaki na hakuinua kichwa. Kazi ikabaki yetu. Mimi nikakua nikiamini kwamba mama yangu alidanganyika na mnyama, na nikamwonea huruma miaka yote hiyo.

Alipokuwa mkongwe nilimchukua akae kwangu Kibiti. Siku moja nikamwambia, "Mama, yule hakuwa Saidi. Alikuwa fisi maji."

Alicheka mpaka akapaliwa. "We mtoto! Mimi nizaliwe mikokoni nisimjue fisi maji? Kipenzi chake ni kaa, perege anamla akikosa. Lakini ningekubali ni fisi maji, Athumani angetega, na baba yako angeozea jela. Marehemu nani wa kumtegea?"

Nilijiona mjinga, mtu mzima mimi. Huruma yangu yote ile, kumbe aliyekuwa hajui ni mimi. Ila jambo moja lilikataa kunitoka moyoni.

"Basi asubuhi ile tulikuwa wawili tu, wewe na mimi. Hakuna wa kumficha. Mbona ulimwita Saidi?"

Kicheko kikamwisha. Aliivuta kanga yake mabegani.

"Wenzangu wana makaburi, mwanangu. Wanakwenda, wanawaita watoto wao kwa majina. Mimi wa kwangu ningemwitia wapi?"