Pacha wa Kipeuo

Enzi zetu Kariakoo ilikuwa mchanga mtupu, na mvua ikipiga mapaa ya madebe mwalimu hunyamaza mpaka ipite. Tulikwenda shule na kashata mdomoni, sleti kwapani, tukicheza gololi njia nzima. Hesabu hatukuzibonyeza kwenye kimashine kama vijana wa leo. Tulilala nazo, na nyingine tuliziogopa.

Aliyeziogopa zaidi ni rafiki yangu Doto wa Ilala, naye ndiye hodari wetu. Pacha wake, Kurwa, alichukuliwa na homa tukiwa wadogo. Kurwa alikuwa mashoto. Doto alitumia mkono wa kulia. Kwao pacha hasemwi kwamba amekufa. Mama yao alisema, "Kurwa kaenda kuokota kuni," na kila mlo akamwekea sahani yake, ikapoa pale mkekani.

Mwaka ule nafasi ya shule kubwa ilikuwa moja. Baba yake, mchukuzi wa sokoni, alishaapa kwamba Doto akiikosa, ataanza kubeba magunia.

Kikwazo kilikuwa sehemu zenye kipeuo cha pili chini ya mstari. Mwalimu alisema, "Kipeuo hakikai chini. Mtafutieni pacha wake, yuleyule ila alama imegeuzwa, mzidishe naye juu na chini. Wakikutana, kipeuo kinatoweka."

Doto alikuwa akiweka chaki chini kila tulipofika hapo.

"We Doto, bingwa gani anakimbia kijistari?" nikamtania njiani.

"Cheka tu. Hujatazama anayebaki."

Siku ya mtihani wingu lilitanda, darasa likawa giza kama ndani ya mtungi. Mwalimu akaandika ubaoni: juu x − 4, chini √x − 2. Akamwita Doto.

Akaishika chaki kwa mkono wa kulia. Kisha akazidisha juu na chini kwa pacha, √x + 2. Chini ikawa x − 4. Hapo nikaona chaki imehamia mkono wa kushoto. Akaikata x − 4 ya chini na ya juu. Yule wa mwanzo, mwenye alama ya kutoa, hakuwapo tena popote. Alibaki pacha peke yake: √x + 2.

"Vizuri, Doto! Nafasi ni yako."

Hakugeuka.

"Doto!"

Akageuka polepole, anatabasamu.

"Doto kaenda kuokota kuni, mwalimu."

Darasa zima likacheka. Mimi nikautazama mkono ule wenye chaki. Jioni ile, mama yake alinisimulia, mwanawe alivuta sahani ya Kurwa, akala akaimaliza.

Nikaacha shule mwaka uleule. Nimetangatanga Tanga, Lindi hadi Mwanza, na kila mwalimu niliyemuuliza alinijibu kwamba hesabu ile ni sahihi. Watoto wa siku hizi hupata jibu kabla hawajapata hofu. Nawaonea wivu, ila nawasikitikia pia, maana hawajui jibu huwa limepita wapi.

Yule aliyepata nafasi ni mzee sasa, kama mimi. Tukikutana sokoni huniita kwa jina langu, akinipungia mkono wa kushoto. Mimi humwamkia tu. Jina lake sijathubutu kulitaja.