Gego la Baba Mwezi wa Ramadhani

Baba yangu alifunga mwezi wa Ramadhani na gego bovu, na sisi tukafunga naye. Nasema tukafunga naye kwa sababu ndani ya nyumba yetu ya Malindi, Unguja, hakuna aliyethubutu kuburuta kiti, kutwanga kinu wala kucheka kwa sauti tangu alfajiri mpaka adhana ya magharibi. Nilikuwa na miaka kumi, na kunyamaza kulikuwa hakunikai.

Jino lilianza kumuuma siku ya sita. Dawa yake kwetu inajulikana: unachukua karafuu, unaiponda kidogo, unaibana juu ya jino, basi. Na Baba karafuu hakuzikosa, kwani alikuwa mpimaji katika ghala la karafuu. Kutwa nzima dawa iko mbele yake magunia kwa magunia, na hawezi kutia hata chembe kinywani kwa sababu ya saumu. Hurudi saa tisa ananukia karafuu tangu kofia mpaka makubadhi, shavu limevimba, anatazama ukuta. Akishafuturu hutia karafuu tatu kwa pamoja, na futari yote hupita mbele ya macho yake: muhogo wa nazi, ndizi mbivu, kachori za Mama. Yeye hunywa uji. Miaka ile tulikuwa tukipanga foleni ya kila kitu, na kachori haiachwi sahanini. Fungu lake nilikuwa nikilila mimi.

Mama alimwambia aende hospitali akaling'oe. Baba akajibu kwamba jino likitoka damu hutoka, damu ikimezwa saumu hubatilika, na yeye hajapata kuacha saumu hata moja tangu abaleghe. Alisema kwa upole na heshima mpaka nikaona fahari kuwa na baba mcha Mungu kiasi hicho. Mama hakuona fahari yoyote. Alivaa buibui lake akaenda kwa maalim wetu wa chuo cha Kurani, akarudi na jibu: mgonjwa karuhusiwa kula, atailipa siku yake baadaye.

"Mimi siumwi," Baba akasema. "Linaloumwa ni jino."

"Basi jino liende hospitali," Mama akamjibu, "wewe ubaki nyumbani."

Baba akachukua msahafu wake akaenda msikitini, na mazungumzo yakaishia hapo mpaka mwandamo wa mwezi.

Ikaja Idi. Saumu imekwisha, na udhuru umekwisha. Siku ya kwanza Baba alisema haifai mtu kumwaga damu siku ya furaha. Ya pili akasema wageni. Ya tatu aliamka jicho moja limefumba kwa uvimbe. Mama hakuweza kutoka, ukumbi umejaa shangazi zangu waliokuja kula sikukuu, basi akaniita jikoni. Akanivisha gauni langu jipya, akaniambia nimsindikize Baba, na nisirudi mpaka nione pamba kinywani mwake. Nilikasirika sana. Siku ile ndiyo niliyoahidiwa bembea za Mnazi Mmoja, na badala yake nimefanywa askari.

Njia ya robo saa tuliimaliza kwa saa nzima. Baba, ambaye kwa kawaida salamu zake huzitoa huku anatembea, alimpa mkono wa Idi kila aliyekaa barazani. Aliuliza hali za watoto wa watu asiowajua. Sokoni Darajani alisimama akachagua nanasi kwa dakika kumi, naye hata mkate hawezi kuutafuna. Kila akisimama nilimvuta kanzu.

Kwenye benchi la hospitali ndipo aliponieleza, polepole, anatazama miguu yake. Alikuwa mdogo kuliko mimi, kwao Mkokotoni, gego likamuuma. Wakampeleka kwa kinyozi wa sokoni aliyekuwa aking'oa meno kwa koleo. Ami yake akamkalia kifuani. Kinyozi akang'oa jino, akaligeuzageuza, akasema silo, akarudi tena. Tangu siku hiyo hajamfungulia mtu kinywa. Kicheko kilinijia, lakini niliiona mikono yake imeyakamata magoti, nikamhurumia. Nilikuwa sijui kama baba wa mtu huogopa.

"Utaingia na mimi?" akaniuliza.

"Naam, Baba."

Daktari wa meno alikuwa kijana wa Kichina, Kiswahili chake maneno matatu, na yote matatu yalitosha. Alisema "Fungua." Baba akafungua kidogo, akanishika mkono. Sindano ikaingia, nami nikazihisi kucha zake zote. Daktari akasema "Bado," tukangoja ganzi ishike. Baba alisoma kila dua aliyoijua, na nyingine nadhani alizitunga palepale. Koleo likaingia, likatoka. "Tayari."

Baba akaendelea kukaa kinywa wazi, macho ameyafumba, anangoja. Ilibidi nimtikise bega, nimwoneshe gego lake ndani ya kibakuli. Alilitazama kwa muda mrefu. Kitu chenyewe hakikuzidi kokwa ya tende.

Tulipofika nyumbani hakuweza kusema kwa pamba. Mama aliniuliza mimi, mbele ya shangazi zangu wote, mambo yalikwendaje. Baba akanikazia lile jicho moja lililofumbuka. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba hakutikisika hata kidogo, na daktari mwenyewe kastaajabu. Shangazi zangu wakamsifu kaka yao, naye akaingia chumbani kifua mbele.

Mama alinichukua mpaka jikoni. Akaugeuza mkono wangu, akaziona alama nne nyekundu za kucha, moja imechubuka. Akazipaka mafuta ya nazi, moja moja, bila ya haraka.

"Kaogopa sana baba yako?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Nshasema, hakutikisika."

Mama akachana kitambaa, akanifunga mkono, akaniambia shangazi zangu wakiniuliza niseme nimeparurwa na paka.