Bakuli Tatu za Kalalu

Sisi watu wa Parlatuvier tuna ugonjwa mmoja ambao hospitali zote za Tobago hazina dawa yake: kupachikana majina. Ukikosea mara moja mbele za watu, jina lako la ubatizo lisahau. Hollis alitoka na mashua akiwa kijana, akasahau nanga nyumbani, akapelekwa na maji hadi kijiji cha Castara. Sasa ana wajukuu na bado anaitwa Nanga. Myrtle alitia chumvi badala ya sukari kwenye keki ya harusi, akahamia Toronto kulikimbia jina. Huko nako siku moja, yuko dukani anachagua vitunguu, akasikia mtu anapaza sauti, "Chumvi! Za siku nyingi?" Watoto wake aliowaacha hapa ni watoto wa Chumvi, na vitukuu nao watakuwa hivyo hivyo.

Nayasema haya mapema ili ujue nilikuwa na hofu gani mwaka ule Kerlene alipoingia kwenye shindano letu la kila mwaka la mapishi ya magimbi. Kerlene ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea mwenyewe kwa mshahara wa kantini ya shule. Alikuwa na miaka kumi na saba na alitaka kitu kimoja tu duniani, awe mpishi. Mshindi wa wapishi chipukizi alikuwa anapelekwa Port of Spain kufundishwa pamoja na timu ya taifa ya wapishi. Mtoto wa kwetu angeipata wapi tena nafasi kama ile?

Aliyemfundisha ni Velda Quashie. Velda alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti nzuri kuliko zote kanisani kwetu. Alikuwa ametumia ujana wake wote jikoni kwenye nyumba ya wageni kule Charlotteville, na alipostaafu akafungua jiko la nyuma ya nyumba yake kwa watoto wa yeyote, kila Jumamosi, bure. Bure kwa maneno tu, maana magimbi ya kumenya yalikuwa hayaishi.

Alikuwa na sharti moja lililowaudhi wote. Haonji chakula cha mwanafunzi mpaka mwanafunzi mwenyewe amekaa kitako akala bakuli zima. Jumamosi ya kwanza nilikuwepo, nimempelekea Kerlene aproni.

"Umeonja?" Velda aliuliza.

"Nimeonja, Bi Velda."

"Kuonja ni kazi ya ulimi. Mimi nataka koo na tumbo navyo viseme. Kaa ule."

"Lakini nimeshashiba harufu, Bi Velda."

"Umeshiba harufu! Haya, na mimi ngoja nishibe harufu, kisha nikupe alama za harufu. Kaa chini, mwanangu."

Mtoto akakaa. Miezi sita alikaa, akala, akanenepa mashavu, na upishi wake ukawa wa kumfanya mtu afunge macho.

Sasa, kalalu yetu ni majani ya magimbi, bamia, tui la nazi, kaa, na pilipili nzima inayoelea juu bila kupasuka. Unachemsha, unapekecha mpaka vyote vinakuwa kitu kimoja. Na kila mtoto wa Tobago anajua kwamba majani yale yasipoiva sawasawa huwasha koo. Kuwasha ninakokusema si mzaha. Ni kama umemeza unga wa vioo, koo linavimba na sauti inapotea. Mpishi aliyewawasha watu koo kijijini kwetu afadhali afungashe virago, maana hakuna atakayekula tena mkononi mwake. Alikuwepo mmoja enzi za mama yangu. Walimwita Muwasho mpaka kaburini, na hakuuza hata bakuli moja tena.

Yote yaliletwa na Chef Sealy. Huyu alikuwa mpishi mkuu wa hoteli moja kule Crown Point, na kamati ilimwalika kila mwaka awe jaji. Mwaka uliotangulia alisimama na kofia yake ndefu akasema kalalu ya Parlatuvier ni tamu lakini ina rangi ya tope. Tope! Nilitaka nimpeleke akaone tope. Kerlene yeye aliyashika yale maneno. Siku ya shindano akaitoa sufuria motoni mapema ili kijani kisikimbie. Na kwa sababu ya wasiwasi hakukaa akala.

Mimi sikujua. Nilichoona ni bakuli tatu za kijani kizuri mno zikipelekwa meza ya majaji chini ya turubai, kwenye uwanja wa shule. Majaji walikuwa watatu: Velda, Chef Sealy, na Mwalimu Alleyne aliyefundisha upishi shuleni. Kanuni ilimkataza Velda kumpa alama mwanafunzi wake. Lakini yeye ndiye alikuwa jaji mkuu, na desturi yetu ni kwamba jaji mkuu huonja kwanza, na wenzake hawagusi kijiko mpaka yeye ameweka chake chini.

Velda akachota kijiko cha kwanza. Akameza. Akamtazama Kerlene aliyesimama nyuma ya sufuria yake na aproni imepigwa pasi. Kisha akachota cha pili, na cha tatu, na hakukiweka chini kile kijiko.

Watu wakaanza kucheka. "Leo Velda kapatikana!" Mimi nikacheka kwa sauti kuliko wote, nikijua ushindi ni wetu. Akamaliza bakuli. Halafu akanyoosha mkono, akavuta bakuli la Chef Sealy.

"Bi Velda, hilo ni langu," akasema yule bwana wa kofia.

"Umechelewa."

Velda akalila lote. Mwalimu Alleyne akalikumbatia lake kwa mikono miwili, na Velda akalitoa taratibu mikononi mwake, akalimaliza nalo, machozi yanamtoka. Sote tukadhani ni machozi ya utamu. Alipomaliza akaifunika sufuria kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia Kerlene, "Rudisha motoni. Moto mkubwa. Mtu asiguse mpaka niseme."

Ukafika wakati wa kutangaza. Velda hakuwahi kuhitaji kipaza sauti maishani mwake. Siku ile aliposimama, kilichotoka kinywani kilikuwa mkoromo. "Meza namba nne, ya Kerlene," akakoroma, "haina alama. Majaji hawakuonja. Lawama ni yangu." Alisema hivyo akipumzika kila neno, shingo imetuna, midomo imevimba.

Nanga, ambaye tangu ujana wake alikuwa akisubiri apatikane wa kumpokea zamu, alipaza sauti kutoka nyuma: "Chura! Sikilizeni Chura anaimba!"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Jina likakaa palepale.

Mimi sikucheka. Nafasi ya mtoto wangu ilikuwa imeliwa mbele ya macho yangu. Nikaivamia ile meza.

"Mlafi wewe! Miezi sita unamfundisha mtoto, kumbe unamnenepesha uje umle? Huna haya? Kwenu hakuna chakula?"

Velda akagusa koo lake, akasema kwa shida, "Kesho, Euline."

"Kesho nini? Sema leo!"

Nikasikia mtu ananivuta mkono. Alikuwa Kerlene, uso umempauka. "Shangazi, nyamaza. Nakuomba, nyamaza." Mkononi ameshika moja ya zile bakuli tupu. Akapitisha kidole kwenye ukingo wake, akanitia mdomoni kama mtoto mchanga. Haukupita muda ulimi ukaanza kuniwasha, kisha koo. Kijidole tu kile. Nikamtazama Velda, aliyemeza bakuli tatu.

Ile sufuria ilichemka mpaka Velda aliporidhika. Kijani kilikuwa kimekwenda zake, imebaki rangi ya tope, na muwasho haupo. Kijiji kizima kikapanga foleni kikala, wakasifu, wakamlaani Velda kwa niaba yetu. Nanga alirudia mara mbili.

Kesho yake nilikwenda na asali na ndimu, na kichwa chini. Kerlene alikuwa amenitangulia, ameketi jikoni kwa Velda analia juu ya beseni la magimbi. Velda aliongea kwa kunong'ona.

"Sikumwonea na sikumpendelea, Euline. Alama hakustahili, na hakupata. Ila jina nimelikataa. Mtoto wa miaka kumi na saba akiitwa Muwasho, hapo amekwisha, hapiki tena. Mimi nimeshapika vya kutosha. Waniite watakavyo."

"Na sauti yako?"

"Itarudi. Hata isiporudi, kwaya watapumua."

Kisha akamgeukia Kerlene. "Na wewe, utamaliza kulia saa ngapi? Jumamosi nakutaka hapa. Utapika, utakaa, utakula. Ukisikia tena bwana wa hoteli anasema rangi, mwambie alambe ukuta."

Sauti ilirudi baada ya siku kadhaa. Jina halikuondoka. Kamati nayo ikamtoa kwenye meza ya majaji, ati jaji mlafi anatia aibu, na mwaka uliofuata Kerlene aliposhinda, Velda alikuwa amekaa nasi kwenye nyasi, anapiga makofi kama mtu mwingine yeyote. Hilo liliniuma sana. Mara ngapi nimetaka kusimama dukani niseme ukweli! Alinikataza. "Ukisema," aliniambia, "utakuwa umenipotezea koo langu bure."

Basi nikanyamaza, mimi Euline Duncan, ambaye kunyamaza kwangu hakuna aliyewahi kukuona. Kerlene akaenda Port of Spain, akarudi mpishi mkuu, na akakalishwa kwenye kiti kilekile cha jaji mkuu. Na kila Jumamosi aliyokuwa na nafasi alikwenda kumenya magimbi kwa Velda, akiwa na cheo chake chote.

Mwaka jana redio ikatangaza msiba: Velda Quashie wa Parlatuvier, anayejulikana zaidi kwa jina la Chura. Kanisa lilijaa. Kwaya iliimba, watu wakakumbushana ile siku ya bakuli tatu, wakacheka kwa mapenzi, maana siku za mwisho walimpenda na ulafi wake wa kusingiziwa. Ndipo Kerlene akasimama, akaenda mbele, akaweka mkono juu ya jeneza.

"Huyu mama hakuwa mlafi," alisema. "Kalalu ile ilikuwa mbichi. Niliipika mimi, na sikukaa nikala. Bakuli zile zingewawasha majaji, na sufuria ingewawasha ninyi nyote. Alizimeza ili nisiitwe Muwasho. Sasa hawezi kunikataza tena, kwa hiyo niiteni hivyo."

Nilimtazama Nanga, mzee sasa, fimbo mkononi, kwenye benchi la nyuma. Nikajua kama kuna jina litatoka, litatoka pale. Alisimama polepole.

"Muwasho haliwezekani," akasema. "Mimi siku ile nilikula mara mbili, na koo langu salama. Huyo ni Mtoto wa Chura."

Watu wakacheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikiwemo.

Shindano la mwaka huu lilikuwa mwezi uliopita. Mtangazaji alipomwita jaji mkuu hakusumbuka na Kerlene Duncan, alisema tu, "Mtoto wa Chura, karibu mezani." Akakaa. Akawauliza vijana mmoja mmoja kama wamekula bakuli zima, na mmoja ambaye hakuwa amekula akamvutia kiti, wakangoja wote mpaka amalize. Ndipo akashika kijiko, akaonja wa kwanza. Nami nikasema ahsante, Velda, kwa sauti kubwa, pale pale kwenye nyasi, na aliyetaka kunishangaa akanishangaa.