Daftari Safi na Bakteria wa Samadi

Ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka naona aibu upya. Mwanangu, nina miaka ishirini na saba tu na sina mvi hata moja. Neno hilo la "mwanangu" nimeliazima kwa bibi yangu wa Machame, maana hata nasaha yenyewe ni yake.

Nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na simu, kukuza bakteria wa udongo wanaotoa vimeng'enya vya kuvunja nyuzi za mimea. Nilitaka vilainishe vigogo vya migomba, ili watengeneza chakula cha mifugo kule Himo wavitumie. Dokta Aikande, msimamizi wa maabara ndogo mjini Moshi, alinipa kona ya meza. Udongo niliuchota kihambani kwa bibi, yaani kwenye shamba la ukoo, chini ya lundo la samadi lililo nyuma ya zizi, katikati ya migomba na kahawa.

Mara ya kwanza ilikubali. Nilimwaga iodini, dawa inayopaka nyuzi rangi, kwenye sahani niliyotandaza nyuzi, na pale nilipodondosha maji ya bakteria pakabaki duara jeupe: nyuzi zimeliwa. Nililia.

"Hongera," Dokta akasema. "Sasa nionyeshe sahani tatu zinazofanana. Bila hizo, Ijumaa ijayo kona nampa mwingine."

Nikarudia. Hakuna duara. Nikachemsha vyombo mara mbili, nikaosha mikono mpaka ikapasuka. Siku moja likatokea duara hafifu, kesho yake hakuna. Daftari langu nililisoma mpaka nikalikariri, na halikuniambia kitu. Sikujua kama bakteria wamekufa, kama nimekosea mimi, au kama lile duara la kwanza niliota.

Alhamisi nikapanda Machame kuchota udongo mwingine. Bibi alikuwa anageuza samadi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Wadudu wako wamemaliza nyuzi, sasa wanakula wewe?"

Nikamweleza jinsi duara lilivyogoma. Akaegemea jembe lake. "Na safari hii mbona hukuleta chupa zako nizifukie humu?"

Hapo ikabidi nikiri. Mara ile ya kwanza, umeme ulikatika mjini, kabati la joto la maabara likapoa. Nikazileta chupa kwa bibi, naye akazifukia kwenye samadi, zimefungwa mifuko. Niliandika hivyo, kwenye ukurasa uliochafuka kwa kinyesi cha ng'ombe. Kisha nikanakili daftari zima kwa mwandiko mzuri, ukurasa ule nikauchana, na mahali pake nikaandika: kabati, nyuzijoto thelathini, kama kitabu kilivyosema. Sikusahau, mwanangu. Samadi ilinitia aibu, na baadaye nikaiamini nakala yangu.

"Ingiza mkono," bibi akasema. Nikaingiza, nikautoa haraka; ndani kunaunguza. "Hapo ndipo kwao. Wewe umewahamishia kwenye uvuguvugu, halafu unawasingizia uvivu! Nani alikuambia uandike usichofanya?"

Ijumaa sikuwa na sahani hata moja. Nilikwenda kwa Dokta kumweleza ukweli huo tu.

"Kwa hiyo ulinionyesha uongo?" Dokta akauliza.

"Joto ndilo uongo. Duara ni la kweli. Nadhani."

Akalichukua daftari langu zuri. "Ungeniletea sahani tatu pamoja na daftari hili la uongo, ningekufukuza leo. Nakupa wiki moja. Pandisha joto."

Maduara matatu yalitokea. Mawili yalilingana, la tatu likawa kubwa zaidi, na mpaka leo sijui kwa nini. Nimeandika hivyohivyo: sijui kwa nini. Dokta aliusoma ukurasa huo, na kona bado ninayo.

Basi, mwanangu, andika ulichofanya siku uliyokifanya, kwa mkono uleule mchafu, hata kama kinakuaibisha. Usiuchane ukurasa mbaya. Huenda ndio pekee unaojua ukweli. Na usipoelewa, sema huelewi, kisha endelea. Mungu akubariki, akulindie kazi yako, na akujalie mtu wa kukuuliza chupa zako zilifukiwa wapi.