Muvumu Juu ya Karyere

Wapendwa, mwaka 1953 kule Masisi, mbuzi alidondoka kutoka juu akatua kwenye sahani ya kapita.

Msicheke kwanza. Kapita mwenyewe hakucheka.

Jina lake Hakorimana, msimamizi wa wachimba changarawe za barabara ya Sake. Alikuwa amekaa ndani ya karyere, shimo lao la changarawe, chini kabisa ya ukuta, anajilia viazi na maharagwe.

Puu! Beberu wa bibi yangu Mukandori, kamba shingoni, na donge zima la udongo. Beberu akafa palepale. Kapita akapona, maharagwe sikioni.

Bibi alikuwa mjane, na nyumba yake ilikuwa huko juu, hatua kumi na tano tu kutoka ukingoni. Vijana wa Hakorimana, wageni kutoka Walikale, walikuwa wanakwangua chini, ambako changarawe ni laini. Juu kukabaki kumechomoza kama paji la uso. Kila mvua kubwa ilikula hatua moja, na bibi alikuwa haogopi kitu kingine duniani.

Akashuka.

“Papa Kapita, leo ni mbuzi. Kesho njo miye na batoto.”

“Mama, hii ukuta iko nguvu. Niko na miaka kumi mu hii kazi!”

Bibi akachota changarawe kwa kitunga, akazimwaga miguuni pa kapita. Zikateremka, zikatulia zenyewe, rundo likalala mshazari.

“Unaona vile inalala? Njo vile inapenda. Weye unaisimamisha kwa nguvu. Kata ukuta ilale vile, kisha tupande mabingobingo, mizizi ishike udongo.”

Wachimbaji wakaangua kicheko. Kapita afundishwe kazi na mwanamke, tena mbele ya watu wake? Thubutu! Akakataa katakata. Ila paja la beberu alipoletewa, hilo hakulikataa.

Kesho yake bibi akazika pembe na kwato pale ukingoni, akapanga mawe, akachomeka matawi ya muvumu, mti unaopandwa penye kaburi la mkubwa. Akapiga ishara ya msalaba, akarudi kupika.

Vijana walipouona muvumu, majembe chini. Nani achimbe chini ya marehemu?

Hakorimana akapanda, akayatazama mawe yale kwa muda. Akavua kofia.

“Bantu bangu, hapa iko mukubwa. Mukate ukuta mushazari, pole pole, muanzie juu. Changarawe tutachimba ngambo ya barabara.”

Wakakata. Wanawake wakapanda mabingobingo. Baada ya misimu miwili bibi alivuna maharagwe palepale mbuzi alipotua.

Hadi anakufa, bibi alituvunja mbavu kwa siri yake: kapita mzima alivulia kofia pembe za mbuzi!

Miaka ya themanini nikamkuta Hakorimana, mzee wa fimbo. Uzalendo ukanishinda, nikamwambia.

Akacheka hadi machozi.

“Mutoto, bwana ya bibi yako nilimubeba miye mwenyewe mpaka ku makaburi ya misioni. Na paja ya mbuzi nilikula. Ningekosa kujua nani iko pale?”

“Sasa Papa, kofia ulivua ya nini?”

“Bantu bangu balikuwa banaangalia. Ningesema mwanamuke iko na haki, uso ningeweka wapi? Alinipa njia ya kushuka, nikashuka.”

Nilijisikia aibu. Miaka yote hiyo tulikuwa tunamcheka mtu aliyejua kila kitu.

Ndugu zangu, ukuta na mtu mwenye kiburi ni wale wale. Ukimsukuma atakuangukia. Mpe mteremko, ashuke taratibu.

Mimi nilizaliwa baadaye, ndani ya nyumba ile ile ya bibi.