Nilipeleka ubao wa vyakula vya mavuno kwa wageni wa baba Namboboto, nikaharibu kwa imondo

Wakuu, salamu kwenu wote, wa Busia, wa Malaba na mlioko mbali.

Leo sina siasa wala mpira. Nawaletea kitu kilichonipata mimi mwenyewe nyumbani kwetu Namboboto, na sitaongeza chumvi. Mama yangu husoma huku, kwa hivyo nikidanganya nitajulikana.

Mimi ni mpishi. Niko hoteli moja ndogo pale Malaba, karibu na foleni ya malori, huu mwaka wa nane. Madereva wa Congo, Rwanda, Uganda na Mombasa wote wamekula kwa mkono wangu. Kuna mmoja hupiga simu akiwa bado Eldoret, niweke matumbo yake kando.

Shida yangu ilikuwa moja tu. Baba.

Mzee ni mwalimu mstaafu. Miaka hiyo yote hajawahi kutamka mbele ya watu kwamba mtoto wake ni mpishi. Akiulizwa kunihusu anajibu, "Huyo yuko Malaba," kisha anaanza kuongea mambo ya mahindi. Kwake yeye jikoni ni kwa akina mama, na mtoto aliyesomeshwa haendi kusonga ugali wa watu. Iliniuma wakuu, tena sana.

Sasa mzee yuko kwa kikundi cha walimu wastaafu. Hutembeleana kwa zamu, wanaomba, wanakula, wanaongea juu ya wanafunzi waliowashinda. Mwaka huu zamu yake iliangukia baada ya mavuno. Mama akanipigia simu.

"Mwanangu, kuja unisaidie kupika. Watu ni kumi na wawili na Headmaster anakuja."

Headmaster ndiye mkubwa wao kwa umri, na ndiye aliyekuwa bosi wa mzee kwa miaka mingi. Mpaka leo akiingia mahali mzee hufunga kifungo cha shati.

Nikauliza mama, mzee amesemaje nikipika?

Akajibu, "Amesema upike, lakini chakula nitaleta mimi. Wewe ukae na wageni kama kijana wa boma."

Yaani nipike, halafu nijifanye sikupika. Nilikasirika mpaka nikachoma vitunguu vya watu siku hiyo. Nikaapa, nitapika na nitapeleka mwenyewe mezani.

Hapo kabla nilikuwa nimeona video za wazungu wakipanga kitu kinaitwa charcuterie board. Jina lenyewe hata siwezi kulisoma vizuri, mimi nauita ubao. Wanachukua mbao safi, wanapanga nyama zilizokaushwa, cheese, matunda na njugu, kila mtu anajichukulia. Ile niliyopenda ilikuwa ya autumn, majani yanaanguka, maboga kila mahali.

Sisi hatuna autumn. Lakini nikajiuliza, boga si liko? Njugu si ndio zimetoka shambani juzi? Nyama ya moshi si nyanya zetu wazee walikausha kabla video hazijakuwepo?

Kwa hivyo nikaanza kazi, wakuu. Fundi mmoja wa vitanda hapo Malaba alinirandia mbao ya mvule, ndefu karibu kama mlango. Nikaipaka mafuta ya kupikia siku tatu mpaka ikang'aa.

Nyama ya ng'ombe nilikata ndefu ndefu, chumvi na ndimu, nikatundika juu ya moshi siku mbili. Samaki mbuta wa moshi nikaagiza kutoka Port Victoria. Omena nikakaanga kavu hadi ikawa inavunjika mdomoni. Kumbikumbi walikuwa wameruka baada ya mvua ya wiki hiyo, mama mmoja wa Angurai akaniletea mkebe mzima. Njugu mpya za kuchemsha, viazi vitamu vile vya njano, boga la kuchoma, ndizi ndogo kutoka ng'ambo ya Uganda, mapera. Katikati bakuli ya simsim iliyosagwa na njugu, ya kuchovya.

Cheese niliacha. Mzee huiita maziwa yaliyosahauliwa.

Na kuku. Mama alichinja wanne. Nyama nikachoma, nikapanga. Zile firigisi nne, hapo ndipo nilipojichimbia kaburi, ila sikujua. Nilizichemsha zikalainika, nikazipitisha kwa moshi, nikazikata vipande vyembamba sana na kuzipanga zikizunguka bakuli. Kwa hoteli hivyo ndivyo madereva hupenda, na mkono ulienda wenyewe.

Asubuhi mzee aliniona nikishusha mbao kwa pickup.

"Hiyo ni ya nini? Unajenga choo?"

"Ni ya chakula, baba."

Aliangalia mbao, akaniangalia mimi, akaenda zake.

Saa saba wageni walikuwa wameketi. Wameomba, wamenawa. Mama alishika upande mmoja wa ubao, mimi nikashika mwingine, tukauingiza. Mzee aliniona na aproni yangu na akageuza uso ukutani.

Lakini wageni! Mama mmoja, mwalimu mstaafu wa Sigalame, alisimama kabisa. "Uwi! Hii ni chakula ama ni maonyesho?" Simu zikatoka. Kifua changu kikapanuka, nikamwona mzee akigeuka taratibu.

Ndipo Headmaster akainama. Aliangalia ubao kutoka mwanzo hadi mwisho, bila haraka, kama mtu anasahihisha mtihani. Akauliza kwa sauti ya chini:

"Imondo iko wapi?"

Simu zikashushwa.

Kwa wale wasiojua: imondo ndiyo firigisi. Kwetu kuku akichinjiwa mgeni, imondo huletwa nzima, bila kukatwa, na hupewa mgeni mkubwa. Usipoiweka umemwambia hujamwona. Mtoto wa darasa la pili anajua. Mimi nilijua! Lakini miaka minane ya kupikia watu wa kila kabila ilikuwa imenisahaulisha kwangu.

"Nimeikata, Headmaster," nikasema. "Ni hivyo vipande vidogo hapo katikati."

"Umeikata."

"Ndiyo."

Mwalimu wa Sigalame aliketi chini. Mtu mwingine akasema, "Sasa sisi tumekaribishwa ama tumepitishwa tu?" Nilimwangalia mzee. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Wakuu, aibu yangu ningeibeba. Ile yake ndiyo ilinimaliza, kwa sababu kati ya watu wote duniani, nilimwaibisha mbele ya yule.

Ningeweza kukimbia Malaba siku hiyo. Badala yake nikapiga goti moja na kusema, "Headmaster, nimekosea. Naomba dakika arobaini." Sikungoja jibu.

Nje kulikuwa kumebaki jogoo mmoja, mwekundu, wa mama, ambaye hata sisi watoto hatukuruhusiwa kumfukuza. Nilienda kumwomba mama, nikapata ameshamshika miguu. "Chinja haraka," akasema.

Nikachinja, nikanyonyoa, imondo nikaisafisha na kuichemsha na chumvi peke yake, kisha dakika chache juu ya makaa. Nzima. Mimi ambaye huwa nalisha malori sitini bila jasho, sasa nilichungulia imondo moja kila dakika.

Nikairudisha kwa sahani, na maji ya kunawa. Nilitegemea kupata watu wamenuna na ubao haujaguswa.

Ubao ulikuwa mtupu, wakuu! Kumbikumbi wameisha, omena imeisha. Mwalimu wa Sigalame alikuwa anapangusa bakuli la simsim na kipande cha kiazi. Na vile vipande vya firigisi, hata kimoja hakikuwepo.

Headmaster alinawa. Alipokea imondo kwa mikono miwili, akaila yote, polepole. Alipomaliza akafuta mdomo.

"Hii ni ya heshima," akasema. "Nimeshukuru." Kisha akasogea mbele kidogo. "Lakini ile ya kwanza ndiyo ilikuwa tamu. Ulifanyaje?"

Watu wakacheka, nyumba ikapumua. Nikamweleza moshi na ndimu. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akamgeukia mzee.

"Mwalimu, kumbe huyu kijana wako hufanya kazi gani?"

Niliangalia chini. Nilishajua jibu, nilikuwa nimelisikia miaka minane. Nikaanza hata kukusanya sahani.

"Ni mpishi," mzee akasema.

Sikuamini. Nikasimama na sahani mkononi.

"Ni mpishi, Malaba. Watu hutoka Congo kuja kula kwake." Akakohoa kidogo. "Hiyo ya imondo ni makosa yangu. Mimi ndiye sikumfundisha."

Wakuu, alinifundisha. Nikiwa na miaka sita, kwa meza hiyo hiyo. Alijua, na mimi nilijua, na alijitwika kosa langu mbele ya Headmaster wake. Nimejivunia ubao ule, sitaficha, ulikuwa mzuri na picha ninazo. Lakini sasa najivunia mzee zaidi.

Funzo langu ni dogo: panga chakula kwa mtindo wowote unaotaka, wa mzungu au wa mwezini, ila kwanza ujue ni nani atauliza nini mezani.

Mliooa au kuzaliwa huku, nanyi mmewahi kukosea nini mbele ya wageni wa wazee? Na wa Teso, niambieni firigisi kwenu ni ya nani, kwa sababu mwezi ujao nimeitwa huko kwenu Angurai na ubao wangu.